Zahwa, Aliyemwosha Malkia wa Dhi Sunbul

Zahwa binti Muqbil alikuwa na kanuni moja, na aliishika kwa miaka thelathini na minne: alichokiona juu ya maiti alikiacha juu ya maiti. Kazi ya kuosha wanawake waliokufa aliirithi kwa mama yake, pamoja na beseni la shaba, kata mbili za mbao, na kanuni hiyo. Siku mama yake alipomkabidhi kitambaa cha kuoshea alimwambia, "Aliyekufa hana mikono ya kujifunika. Mdomo wako ndiyo mikono yake. Ukiufungua, umemvua nguo mbele za watu."

Kwa hiyo watu wa Dhi Sunbul, mji wa mlimani, hawakujua kwamba binti wa mfua shaba, aliyesemekana amekufa kwa homa, alikuwa na mimba ya miezi minne. Hawakujua kwamba bibi mmoja mcha Mungu, aliyewakemea wasichana sokoni kwa kucheka kwa sauti, alikuwa amechanjwa chale za mapenzi chini ya titi. Wala hawakujua kwamba mke wa mfuga nyuki alikuwa na mbavu tatu zilizovunjika, zikaunga, zikavunjika tena. Huyu wa tatu alimkosesha Zahwa raha kwa wiki mbili. Kisha ikapita, na mfuga nyuki akaoa mke mwingine. Hapo ndipo kanuni ile njema ilipoanza kuoza kwa ndani, lakini kwa kuwa nje ilikuwa bado safi, hakuna aliyelitambua hilo, hata Zahwa mwenyewe.

Watu walimheshimu, na wakamwogopa. Walimpisha njiani. Muuza mtama alimmwagia nafaka mfukoni akiwa amenyoosha mkono mbali kama anayelisha mbwa mkali. Hakuna aliyemwalika kula, kwa maana nani angependa kuiona kwenye sahani yake mikono iliyomfunga kidevu shangazi yake? Zahwa alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa askari katika ngome za tambarare, akirudi nyumbani mara moja kwa mwaka, na mkewe, Rayya, ndiye aliyebaki na Zahwa akimsaidia kumimina maji.

Mtu mmoja tu katika mji mzima alikula naye chombo kimoja. Huyo alikuwa Anbar, mpishi wa ngome, Mhabeshi aliyeletwa mlimani utotoni kama mtumwa na kuachwa huru na malkia katika mwaka wa nzige. Alikuwa na kipara, tumbo, na mdomo usiopumzika. Nyuma ya jiko lake ulisimama mkunazi mkubwa, na kila Alhamisi Zahwa alikuja kuchuma majani ya kuchanganya na maji ya kuoshea.

"Bi Zahwa!" Anbar alimwita siku hizo akiwa mlangoni na mwiko mkononi. "Umekuja kuchuma majani au kunipima urefu?"

"Wewe hupimwi urefu. Wewe unapimwa upana."

"Basi sanda yangu itawafilisi. Utaniosha kwa bei ya jirani?"

"Mimi siwaoshi wanaume. Wewe utaoshwa na Jubran, yule mwenye mikono ya barafu."

"Jubran! Laa, basi sifi. Mwambieni Mungu nimeghairi."

Kisha alileta bakuli la asida, ugali laini wa mtama, lenye kisima cha samli na asali katikati, akakaa upande mmoja, Zahwa akakaa upande wa pili, wakala. Zahwa hakumwambia kamwe kwamba aliisubiri Alhamisi tangu Ijumaa. Hakuwa mtu wa kusema mambo ya namna hiyo.

Malkia wao alikuwa Sayyida Ghaliya binti Sabaa. Mumewe sultani alipigwa na ugonjwa wa kupooza, akalala miaka kumi na mmoja bila kuweza kushika kalamu, na katika miaka hiyo mkewe alimtilia sahihi yake kwenye barua mpaka alipoanza kutia ya kwake mwenyewe. Mwanzoni alikaa nyuma ya pazia. Masheikh walikuja kumsikiliza, wakapiga miayo, wakakonyezana, mmoja akatoa ulimi. Siku ya tatu malkia alilifungua pazia, akamwambia kila mmoja sura aliyoikunja. Kumbe pazia lilikuwa jepesi kwa upande wake. Tangu siku hiyo hakurudi nyuma yake.

Alitawala miaka ishirini na miwili. Alichimbisha birika tatu juu ya mji, na watu wakaacha kugombania maji. Mwaka wa nzige alifungua ghala la ngome, na mpaka mavuno yalipokuja yeye mwenyewe alikula mkate wa mtama mkavu. Anbar alikuwa shahidi wa hilo, na alililalamikia kwa miaka. Malkia hakuwa mpole. Masheikh wawili walioasi walitundikwa langoni mpaka ndege walipowamaliza, naye kila Ijumaa alipita chini yao. Lakini haki yake ilikuwa moja kwa ndugu na kwa mgeni. Mwezi mmoja kabla ya kufa alimvua Amir Ghanim, mtoto wa kaka yake, uongozi wa wapiga upinde, kwa sababu aliwanyang'anya wakulima ng'ombe wa kulimia. Hakumvua faraghani. Alimvua mbele ya wakulima wenyewe.

Na kila Ijumaa, juu ya mimbari, khatibu mzee alisoma: "Ewe Mola, mrefushie umri Sayyida Ghaliya, mlinzi wa waumini." Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa utawala wake alikuwa sasa na watoto, na hakuwahi kusikia jina jingine likisomwa mahali pale.

Jumatatu moja asubuhi, katika majira ya ukungu, askari wawili walibisha mlangoni kwa Zahwa.

"Chukua vyombo vyako, mama. Unatakiwa ngomeni."

"Nani?"

Askari yule aliangalia chini. Rayya, aliyekuwa anasaga mtama, aliacha kusaga.

Malkia alikuwa amelazwa juu ya ubao katika chumba chake, amefunikwa shuka. Wajakazi walikuwa wametolewa wote. Zahwa alitandaza kitambaa kikubwa juu ya mwili, kama ilivyo desturi, ili mkono wa mwosha uingie chini yake na asionekane aliyekufa hata kwa anayemimina maji. Rayya alisimama pembeni na kata, uso ameugeuzia ukutani.

Zahwa alianza miguuni. Nyayo zilikuwa ngumu kama za mchunga mbuzi, kumbe malkia alipokuwa peke yake alitembea pekupeku. Magotini palikuwa na sugu za kusujudu. Tumboni palikuwa na mistari ya mimba, mingi, na Zahwa alikumbuka kwamba alizaa watoto wanne na hakuna aliyefikisha miaka miwili. Kwenye kidole cha shahada na gumba la mkono wa kulia wino ulikuwa umeingia ndani ya ngozi. Aliusugua kwa majani ya mkunazi, haukutoka. Zahwa hakuwahi kuwa karibu na malkia hata kwa hatua kumi. Sasa alikuwa anamjua kuliko mawaziri wake.

Kisha alifika shingoni.

Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na madoa manne meusi yaliyopangana. Upande wa kulia palikuwa na doa moja, kubwa, na katikati yake ngozi ilikuwa imebonyea kwa umbo la ulimi mdogo uliomeguka ncha. Zahwa alifungua kope kwa kidole. Weupe wa jicho ulijaa vidoa vya damu.

"Mama," Rayya aliuliza ukutani, "nimimine?"

Zahwa hakujibu.

"Mama?"

"Mimina."

Nje ya mlango mtu alianza kugonga mbao kwa kidole, taratibu. Ilikuwa sauti ngumu, ya pembe juu ya mti.

"Mbona mnachelewa?" ilikuwa sauti ya Amir Ghanim. "Nataka azikwe kabla ya adhuhuri."

"Maiti haharakishwi, Amir," alisema Zahwa.

"Umeona lolote, mama?"

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo. Kwenye gumba alivaa pete ya pembe, ile wapiga upinde wanayovutia uzi, yenye ulimi uliochomoza. Ulimi ulikuwa umemeguka ncha.

"Kazi yangu ni kuosha," alisema Zahwa.

"Jibu zuri. Mama yako alikulea vizuri."

Zahwa alimaliza majosho matatu. Alitia kafuri. Kisha, jambo ambalo halikuwa la desturi, aliweka pamba nene chini ya taya, akaifunga, na sanda akaipandisha juu mpaka masikioni. Alijiambia kwamba anamsitiri malkia. Mikono yake ilijua kwamba haikuwa inamsitiri malkia.

Alizikwa kabla ya adhuhuri. Alasiri askari waliingia jikoni na kumkamata Anbar. Ilitangazwa sokoni kwamba malkia amekufa kwa sumu iliyotiwa kwenye mchuzi wake wa jioni, na kwamba paka aliyelamba bakuli amekutwa amekufa. Amir Ghanim alishika ngome "mpaka mambo yatulie." Kesi ingesikilizwa Jumatano mbele ya Kadhi Umran. Anbar akipatikana na hatia, angekatwa shingo Ijumaa baada ya sala.

Siku ya Jumanne Zahwa hakula. Rayya alimtazama kwa muda mrefu akisaga, kisha akaliacha jiwe.

"Mama, uliona nini?"

"Mkwe wangu, miaka mitano uko nami. Umewahi kuniuliza hivyo?"

"Sijawahi. Lakini hujawahi kuacha kunijibu nikiuliza nimimine maji. Na pamba ile ilikuwa ya watu watatu."

"Saga mtama wako."

"Anbar hakuua mtu! Anbar anaomba radhi kwa kuku kabla ya kumchinja!"

"Najua."

"Unajua kwa kumdhania vyema, kama mimi? Au unajua?"

Zahwa alikunja kitambaa cha kuoshea. Kisha alisema polepole, "Nikisema leo ya malkia, kesho nani atanikabidhi mama yake? Wataanza kuwaosha wenyewe, hovyo, kwa kuniogopa. Mama yangu hakusema. Bibi yangu hakusema."

"Bibi yako hakumwosha aliyenyongwa," Rayya alisema.

Hakuwa na hakika. Alirusha tu neno, na akaona limetua. Zahwa alimwangalia kwa namna iliyomfanya binti yule ainame aanze tena kusaga, kwa nguvu, unga ukimwagika nje ya mkeka.

Lazima isemwe kwamba Zahwa hakusema uongo kuhusu kanuni. Aliiamini. Lakini chini ya kanuni alikuwa ameificha hofu, kama alivyoificha shingo chini ya pamba, na hata yeye hakuweza tena kuona kipi kinaishia wapi. Mtu akishachanganya vitu hivyo viwili, hofu hula kwa heshima ya kanuni, na hunenepa.

Jumatano ua wa ngome ulijaa. Anbar aliletwa kwa minyororo, tumbo limepungua katika siku mbili. Shahidi alisimama akaeleza habari za paka.

"Yule paka," Anbar alisema, "alikuwa na umri mkubwa kuliko huyu anayemzungumzia. Mwezi uliopita alianguka dirishani akijaribu kupiga chafya."

Watu wakacheka, kisha wakamwangalia Amir Ghanim, wakaacha.

Kadhi Umran alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho mabovu, ambaye malkia alimteua kwa sababu aliwahi kutoa hukumu dhidi yake katika kesi ya shamba. Aliagiza aitwe mwosha.

"Zahwa binti Muqbil. Wewe ulimwosha Sayyida. Sumu huacha alama: midomo, kucha, ngozi. Uliona nini?"

"Niliona mwanamke aliyekufa, ewe Kadhi."

"Sote tunajua amekufa. Nakuuliza kuhusu mwili."

"Mwosha hasemi ya mwili."

Kadhi aliinama mbele. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini ua ulikuwa kimya. "Nisikilize. Kunyamaza kwa mwosha ni kumfunika maiti aibu yake. Hakukuwekwa kumfunika aliye hai dhambi yake. Jambo wasiloliona ila wanawake, neno la mwanamke mmoja ninalipokea. Silihitaji limhukumu mtu. Nalihitaji litie shaka tu. Ikiwepo shaka, upanga haushuki. Unaelewa? Neno moja. Palikuwa na alama ya sumu, au hapakuwa?"

Amir Ghanim alikuwa amekaa juu ya ngazi, gumba lake likigonga goti.

Hapakuwa. Hilo ndilo neno. Lilikuwa moja, na halikumtaja mtu.

"Mwosha hasemi ya mwili," alisema Zahwa.

Mnong'ono ulipita uani. Wengine, na hili ni la kusikitisha, walimsifu. "Huyo ndiye mwosha," mwanamke mmoja alisema nyuma yake. "Mbele ya Kadhi na mbele ya Amir, hakutikisika." Anbar alimtazama, akakunja uso kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta kitu kimekosekana. Kadhi alisubiri muda mrefu. Kisha, bila kumtazama mtu, alisema kwamba ushahidi uliopo haukupingwa.

Alhamisi Zahwa hakwenda kwenye mkunazi. Alipika asida nyumbani, akaitia samli na asali, akaibeba mpaka gerezani chini ya mnara. Mlinzi alimruhusu kwa sababu hakuna anayependa kumzuia mwosha njia.

"Haijaiva," Anbar alisema baada ya tonge la kwanza. "Miaka yote unakula yangu, hujajifunza?"

"Sikuwa natazama mkono."

"Ulikuwa unatazama bakuli. Najua." Alikula tonge la pili. "Bi Zahwa, nikuulize. Nilimuua?"

"Hapana."

"Hilo ni la rafiki. Watu wengi wameniambia hapana, wakiangalia nyuma yao. Nakuuliza mwosha."

Zahwa aliweka mikono yake juu ya magoti. "Hapana. Hukumuua."

"Unajua."

"Najua."

Anbar alifuta vidole kwenye ukingo wa bakuli, kimoja kimoja. "Basi angalau mtu mmoja anajua," alisema. "Hiyo inatosha." Akalisukuma bakuli pembeni. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Hapana, haitoshi, Bi Zahwa. Haitoshi hata kidogo. Mimi nataka kuishi. Nina miaka arobaini na mitatu, nataka kuchoma mikate, nataka kukutukana kila Alhamisi. Kwa nini unaniletea chakula badala ya neno?"

Zahwa alianza kulia. Hakuna aliyemwona akilia tangu kifo cha mumewe.

"Kesho," alisema. "Msikitini, kabla hawajakutoa. Nitasema mbele ya watu wote. Naapa."

"Usiape. Sema tu."

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walipanda msikitini wakishika kuta. Zahwa alikaa safu ya nyuma na wanawake, Rayya kushoto kwake. Amir Ghanim alikaa mbele. Mji mzima ulijua kwamba leo jina lake lingesomwa, na likishasomwa, yeye ndiye mtawala. Khatibu mzee alipanda mimbari. Alihutubu juu ya subira. Kisha akafika kwenye dua, akafumba macho kama alivyozoea, na kwa sauti ile ile ya miaka ishirini na miwili akasema:

"Ewe Mola, mrefushie umri Sayyida Ghaliya, mlinzi wa…"

Akafumbua macho.

Hakuna aliyekohoa. Khatibu alibaki mdomo wazi juu ya mimbari, na ulimi wa watu mia nne ulikuwa umekwisha anza "Amina", kwa mazoea, na nusu ya amina hiyo ikabaki hewani. Ilikuwa kana kwamba malkia ameingia na amekaa kati yao, akisubiri kuona nani atakunja sura gani. Amir Ghanim aligeuka nyuma. Uso wake ulikuwa umepauka, na safu nzima za mbele ziliuona. Mzee mmoja akaanza kuinuka nusu. Watu walikuwa tayari. Walihitaji mtu mmoja tu wa kusema, na yeyote aliyekuwa pale anaweza kukuambia hivyo mpaka leo.

Rayya alimshika Zahwa kifundo cha mkono. "Sasa, mama," alinong'ona. "Mama, sasa hivi."

Zahwa alisimama. Wanawake waligeuka. Alifungua mdomo. Alimwona Ghanim akimtazama kupitia safu zote zile, na gumba lake limekunjwa ndani ya kiganja. Alimsikia mama yake. Alihesabu kichwani nini kitampata mwanawe katika ngome za tambarare. Vyote hivyo kwa pumzi moja.

Akakaa.

"…mlinzi wa waumini," khatibu alisema, machozi yakimtoka, "na umrehemu katika kaburi lake. Na umrefushie umri Amir Ghanim." Watu wakasema amina.

Anbar alikatwa shingo langoni, saa moja baadaye. Inasemekana alimwambia mkata shingo asimkate kwenye kunjo la mafuta kwa kuwa upanga utateleza. Ghanim aliamuru asioshwe na asisaliwe, akatupwa bondeni. Jubran, yule mwenye mikono baridi, alishuka peke yake alfajiri, akamwosha kwa maji ya mkondo na kumfukia. Hakuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Alikuwa mtu ambaye Dhi Sunbul yote ilimcheka.

Baada ya siku tisa Zahwa aliitwa kuosha kichanga wa siku sita. Alipofika shingoni aliona madoa manne upande mmoja na moja upande wa pili, na ndani yake umbo la ulimi uliomeguka.

"Rayya. Njoo. Unaona nini hapa?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwonyesha mtu mwingine maiti. Rayya aliangalia. "Sioni kitu, mama. Ngozi tu."

Alama ilikuwepo kwa mwanamke aliyefuata, na kwa aliyefuata. Ilikuwepo kwa bikizee wa miaka tisini aliyekufa usingizini kati ya wajukuu. Zahwa aliisugua. Alisugua mpaka Rayya akamshika mkono na kuuvuta, kwa sababu ngozi ya maiti ilianza kuchubuka. Watu wakaanza kusema kwamba mwosha anachelewa shingoni. Kila Alhamisi alipanda ngomeni kwenye mkunazi, na mpishi mpya alimwekea majani kwenye kapu nje ya mlango ili asiingie. Wakati mwingine, akiwa na kapu mkononi, alijibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema. "Wewe unapimwa upana," mlinzi mmoja alimsikia akisema, kisha akasubiri, kichwa kimeinama upande, kama anayengoja kicheko.

Kanuni aliishika. Mji ulimsifu kwayo. Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa mkunazi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini anakunja uso.

Mwaka wa nne wa utawala wake Amir Ghanim alikufa kwa homa, kitandani, akiwa na daktari kila upande. Siku ya tatu baada ya maziko Zahwa alikwenda kwa Kadhi Umran, ambaye sasa alikuwa kipofu kabisa na ameacha kazi. Alikaa mbele yake akasema yote: nyayo, wino, madoa manne, doa moja, pete, pamba. Kadhi alisikiliza bila kumkatiza.

"Nilijua palikuwa na kitu," alisema mwishoni. "Nilikuomba neno moja."

"Ndiyo, Kadhi."

"Na sasa umenipa mangapi? Mia mbili? Nikayapeleke wapi, Zahwa? Mwuaji yuko kaburini. Mpishi yuko bondeni."

"Sijui. Sikuweza kuyabeba tena."

"Kwa hiyo umekuja kuyatua kwangu." Alipapasa fimbo yake, akaishika kwa mikono miwili. "Nenda nyumbani. Mimi sina cha kukusamehe. Si mimi uliyeniapia."

Zahwa aliosha kwa miezi mingine mitatu, kisha mikono yake ikakataa kuingia chini ya kitambaa, na Rayya akachukua beseni. Kanuni ya mama yake ilivunjika kama ambavyo ingevunjika uani mbele ya Kadhi, tofauti ikiwa ni miaka minne. Miaka hiyo minne ya kunyamaza ilimgharimu Anbar uhai wake, ikaupa mji mtawala mwizi wa ng'ombe, na ikamnyima Zahwa mtu pekee aliyekuwa tayari kula naye chombo kimoja.